Kabla hujaenda mnadani: uzio, kribu na kamba

DADA: Karibuni tena jamani. Leo naongea na wewe umeshapata eneo lako huko Chalinze au Kibaha, unataka uanze na mitamba miwili mitatu. Kaka, watu wanaulizia bei ya ng'ombe tu, uzio hamna anayeuliza.

KAKA: Na hela nyingi inaishia hukohuko dada. Piga hesabu mapema, ekari moja ya mraba mzunguko wake ni kama mita 254, ukizungusha nyaya nne za seng'enge umeshapita kidogo kilomita moja ya waya, na ukichimbia nguzo kila mita 3 unataka nguzo kama 85, hapo bado geti, bado misumari, bado fundi.

DADA: Na ukiweka miti mibichi ya porini mchwa wanaimaliza.

KAKA: Nunua zilizotiwa dawa angalau za kona, maana kona ndo roho ya uzio, inavutwa pande mbili, ikilala nyaya zote zinalegea hata uwe umenunua waya mzuri vipi. Kona chimba hata sentimita 90 uiwekee na mti wa kuiegemeza. Hizo za katikati unaweza ukachomeka miti ya gliricidia masika yakianza, inashika ardhi inakuwa nguzo hai, na majani yake unalisha.

DADA: Sasa kama hela haitoshi?

KAKA: Punguza eneo la uzio, jenga zizi dogo imara, majani uwakatie uwaletee. Ila kribu, ile njia nyembamba ya miti ya kumbana ng'ombe akitibiwa au kuchanjwa, usiiache! Hapo mi sikubali kabisa.

DADA: Kweli kaka, inauma. Daktari wa mifugo kaja kuchanja, ng'ombe kafungwa kwenye mwembe, vijana wanne mmoja kashika mkia mwingine pembe, sindano inapinda, mtu anapigwa teke la goti. Na huyo ng'ombe siku nyingine akimwona mtu na kamba anakimbia.

KAKA: Na kribu yenyewe ni miti tu. Upana wa ndani sentimita 70 hivi, ng'ombe mkubwa apite ila asiweze kugeuka, urefu wa kwenda juu mita moja na nusu, ng'ombe watano wakipangana unahitaji kama mita 8. Chini weka changarawe asiteleze, ndani pitisha mkono uhakikishe hamna msumari uliochomoza. Halafu ule mti wa kukingama nyuma ya matako, tafadhali, uwe umeshapita kabla mtu hajasogea nyuma yake, hapo ndo watu wanavunjwa miguu.

DADA: Na kumwingiza? Wengi ni fimbo na kelele.

KAKA: Fimbo ya nini, simama usawa wa bega. Ukitokea mbele ukatembea kuelekea nyuma yake ukapita bega, mwenyewe anasonga mbele. Ukimkabili usoni anarudi nyuma. Akigoma angalia kwanza mbele yake, pengine kuna kivuli au shati limetundikwa.

DADA: Kamba je?

KAKA: Hatamu ya katani, nailoni inachoma viganja ng'ombe akivuta. Usimfunge shingoni kitanzi kinachokaza, na fundo liwe la kuvuta mara moja linafunguka, maana akianguka amefungwa huna muda wa kutafuta kisu. Ndama mzoeshe hatamu angali mdogo, mtamba aliyezoea kushikwa hakusumbui siku ya kwanza kukamuliwa.