"Nitumie Hiace, Wewe Si Uko Japani?"

Habarini za nyumbani. Swali limekuja tena, na safari hii limenifuata mpaka WhatsApp: "Kaka, Hiace huko bei gani? Nitumie moja nianze biashara." Nikikaa kimya naitwa mchoyo. Nikijibu, huyu anasema naringa, yule anasema nalialia. Basi leo naongea, na nitakayosema ni yaliyonikuta mimi hapa Saitama. Mwenzangu wa Yokohama yake ni mengine.

Ngoja nigeuze kamera. Hii ni Hiace DX ya kazini kwetu. Mnayaona haya maandishi ya Kijapani mlango wa nyuma? Huko mnayaacha mkidhani ni pambo. Yanasema mzigo usizidi kilo 1,000. Nafungua sasa. Sakafu ni bati tupu, pembeni kulabu za kufungia kamba, na kiti kimoja kirefu kinachokunjwa. Kwisha. Gari hili lilizaliwa kubeba mbao na mabomba. Vile viti vya abiria 15 au 18 mnavichomelea wenyewe.

Hapa kigari cha mizigo chenye namba ya usajili ya kundi linaloanza na 4 kimewekewa mipaka kisheria: urefu mita 4.7, upana 1.7, kimo 2. Hiace ya kawaida ina urefu wa milimita 4,695 na upana 1,695. Yaani wamebakiza milimita 5 tu! Ndiyo maana haina pua na dereva amekalia injini. Ukiiongezea pua, umekula nafasi ya mzigo. Mwaka 2019 Toyota walitoa Hiace yenye pua kwa ajili ya nchi nyingine, lakini Wajapani wakabaki na umbo lile lile la 2004, kwa sababu ukivuka mipaka hiyo unaingia kwenye kundi jingine la usajili. Kodi ya mwaka ya namba 4 ni nafuu. Ila baada ya miaka miwili ya kwanza, ukaguzi ni kila mwaka, na ukaguzi ni hela.

Na usidhani naingia dukani natoka na gari. Bila hati ya polisi kuthibitisha kwamba una maegesho, husajili. Mimi nilirudishwa mara tatu kwa sababu ya mchoro wa maegesho, mara ya mwisho eti sikuandika upana wa barabara. Siku tatu za kazi zimepotea, na maegesho yenyewe nayalipia kila mwezi.

Baba mdogo nilimtumia moja. Hili bado linaniuma. Gari lilifika Dar kabla ya hati halisi ya kufuta usajili, kampuni niliyoitumia ilichelewa kuituma. Gari likalala bandarini, storeji inahesabika kila siku. Kwenye kikao cha ukoo ikasemwa nimekula hela. Risiti zote ninazo, hakuna aliyeomba kuziona. Mama ndiye aliyenitetea, peke yake.

Kwa hiyo ukiniuliza bei, bei ya kulinunua mnadani hapa Japani ni mwanzo tu. Weka usafiri mpaka bandarini, meli, ushuru ambao kwetu unapanda na umri wa gari, wakala wa forodha, halafu fundi wa viti. Kama uko Kenya, gari lililozidi miaka 8 usilitazame kabisa, haliingii. Mimi ningekuwa na hela ya Hiace moja ningeiacha ibebe mzigo, lakini hiyo ni akili yangu, biashara yako unaijua wewe.

Ukiamua abiria, nakuomba sana, simama mwenyewe kwa fundi. Kiti kifungwe kwa bolti inayopita chini hadi kwenye fremu, siyo kuchomelewa juu ya bati. Bati la sakafu ni jembamba, nimelikata mwenyewe hapa kwa mkasi wa bati. Ya baba mdogo sasa inapiga Tanga–Muheza, na viti vyake vimefungwa hivyo hivyo. Nilimpigia video fundi akalala chini ya gari, akanionyesha nati moja moja.