Kumlalamikia Mungu Unayemwamini

Bwana Yesu asifiwe. Asanteni kwa kuja, hasa ninyi mliokuja huku moyo ukikataa. Najua kwamba humu ndani wapo waliozika karibuni, wapo wenye majibu ya vipimo ambayo hawajamwonyesha mtu, na wapo ambao hawajapatwa na lolote kubwa ila imani imepoa tu. Wanaimba, midomo inakwenda, moyo haupo. Ninyi wa mwisho msidhani mmepotea njia. Mada hii ni yenu pia.

Mtu akisema "nina mashaka na Mungu," yafaa kumuuliza kwanza ni mashaka gani. Huenda anauliza kama Mungu yupo. Huenda anauliza kama ana uwezo. Au anauliza kama ni mwema, na akiwa mwema, kama wema huo unanihusu na mimi. Kwa watu niliowasikiliza, Mkristo aliyepigwa na maisha mara nyingi haanguki kwenye swali la kwanza. Anaendelea kuamini kabisa kwamba Mungu yupo. Shida ni kwamba ameanza kumwogopa, kama mtoto anayesikia mlango ukifunguliwa usiku na hajui baba amerudi na hali gani. Leo nashughulika na huyo.

Hoja ya wanafalsafa nitaipita haraka. Mnaijua: kama Mungu anataka kuondoa uovu lakini hawezi, ni dhaifu, kama anaweza lakini hataki, ana roho mbaya, kama anaweza na anataka, uovu umetoka wapi? Husemwa ni hoja ya Epicurus, Mgiriki aliyeishi kabla ya Kristo. Linalonifurahisha ni kwamba tunaye Lactantius wa kumshukuru kwa kutuhifadhia maneno hayo, na Lactantius alikuwa mwandishi Mkristo wa karne ya 4. Aliyaandika ili ayajibu, lakini aliyaandika yote bila kuyapunguza makali. Kanisa halikuanza jana kulisikia swali hili, wala halikulificha chini ya mkeka. Majibu yapo, mengine mazuri, na anayetaka tuyajadili nitakaa naye. Ila sijawahi kuona aliyefiwa na mtoto akafarijiwa na hoja iliyopangwa vizuri, kwa hiyo nitakwenda kwingine.

Twende kwenye kitabu cha Maombolezo. Yerusalemu umeanguka mbele ya Wababeli, mwaka wa 586 au 587 kabla ya Kristo. Hekalu limeteketea. Kabla ya hapo mji ulizingirwa mpaka njaa ikafikia hatua ambayo sura ya 4 inaitaja bila kuzunguka: wanawake wenye huruma wamewapika watoto wao wenyewe. Huo ndio udongo uliootesha maneno tunayoyapenda kuliko yote humo: "Ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi."

Tunayaimba maneno haya, tunayatundika ukutani. Sasa fungueni sura ya 3 muone yamekaa wapi. Sura ina mistari 66. Mstari wa 10, Mungu ni dubu aoteaye. Mstari wa 8, nikilia na kuomba msaada, huyapinga maombi yangu. Mstari wa 16, amenivunja meno kwa changarawe. Hebu jaribuni kuomba hivyo katika ibada ya Jumapili muone mtakavyotazamwa! Mstari wa 18 mshairi anasema tumaini lake kwa Bwana limepotea. Halafu, mistari mitatu tu baadaye: "Neno hili najikumbusha, kwa hiyo nina matumaini."

Hakuna kilichobadilika kati ya hapo na hapo. Babeli haijaondoka, mtoto hajarudi, hata ndoto hakuota. Alichofanya ni kujikumbusha, kwa makusudi, jambo alilolijua kabla mji haujaungua. Tena anaendelea mpaka mstari wa 33: "Maana moyo wake hapendi kuwatesa wanadamu." Hesabuni: 33 katika 66, tena katika sura ya katikati ya kitabu chenye sura tano. Na mshairi huyu alikuwa akihesabu kweli, maana sura hiyo imepangwa kwa kufuata alfabeti ya Kiebrania, mistari mitatu kwa kila herufi. Mimi naamini kauli hiyo haikufika katikati kwa bahati. Haikanushi kwamba mkono wa Mungu umehusika. Maombolezo yote yanasema umehusika. Inasema kuhusu moyo. Mkono unaweza kufanya jambo ambalo moyo haukulifurahia.

Lakini jambo ninalotaka mlitazame kwa makini ni hili: kitabu hakiishii hapo. Baada ya mstari wa 33 kilio kinarudi, sura ya 4 ni mbaya kuliko ya kwanza, na mstari wa mwisho wa sura ya 5 unaacha wazi hofu kwamba labda Mungu amewakataa kabisa. Wahubiri wengi, nami nimo, tungependa kitabu kiishe na "rehema zake hazikomi," watu wakasimama wakapiga makofi. Roho Mtakatifu hakukiandika hivyo. Ukiri wa imani umewekwa katikati ya kilio, na kilio kikaendelea pande zote mbili. Kwa hiyo wewe uliyekiri jana kwamba Mungu ni mwema na leo asubuhi umeamka ukilia na kuuliza, hujarudi nyuma. Uko sura ya 4.

Swali linalofuata ni: mtu huyu alijikumbusha nini hasa? Hakubuni tabia ya Mungu kutokana na hali yake. Alikuwa na neno la zamani. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 34, Mungu anapita mbele ya Musa na kujitangaza mwenyewe: "Bwana, Bwana, Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli." Na alijitangaza lini? Baada ya Waisraeli kuabudu ndama ya dhahabu, mbao za kwanza za mawe zikiwa zimekwisha vunjwa. Yaani alijieleza kwa watu waliokwisha haribu, hakungoja wastahili. Tangu hapo maneno hayo yanazunguka Biblia nzima, na ukifuatilia utaona wanaoyatumia ni watu walio kwenye shida. Musa anayarudisha kwa Mungu mwenyewe katika Hesabu 14, taifa likiwa karibu kufutwa: ulisema wewe si mwepesi wa hasira, sasa samehe. Nehemia 9, watu waliotoka utumwani wanayataja huku wakiungama. Yona naye anayasema, ila kwa hasira: nilijua tu utawahurumia hawa watu wa Ninawi! (Yona ni nabii wa ajabu, amekasirika kwa sababu Mungu ni mwema mno.)

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Malalamiko mbele za Mungu hayapingani na imani katika tabia yake. Yanategemea imani hiyo. Ukidhulumiwa na mtu ambaye hukuwahi kumtarajia wema, hushangai, unaondoka. Unayemuuliza "kwa nini?" ni yule uliyemjua kuwa si wa namna hiyo. Anayesema "Ee Bwana, hata lini utanisahau?" bado anadai kwamba huyu Bwana ni wa kukumbuka. Siku utakayoacha kuuliza kwa sababu hutarajii tena chochote kutoka kwake, siku hiyo uje tuzungumze haraka, maana hiyo ndiyo inayonitisha kuliko maswali yako yote.

Na Mungu mwenyewe alilitolea hukumu jambo hili. Rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hiyo ilikuwa kazi nzuri kuliko zote walizofanya. Walipofungua midomo walimtetea Mungu: Mungu ni wa haki, hapigi mtu bure, kwa hiyo tubu. Ayubu upande wake anapiga kelele, anataka kesi isikilizwe, anasema mambo ambayo nikiyasoma hata mimi mgongo unasisimka. Mwishoni Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Waliomtetea ndio walioambiwa watoe sadaka, na Ayubu ndiye aliyeambiwa awaombee. Tofauti moja huwa naiona nikisoma: wale walizungumza habari za Mungu, sura baada ya sura, wala hawakumwomba hata mara moja. Ayubu alizungumza naye.

Basi tukienda msibani tuwe na adabu. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Mungu kampenda zaidi." Huenda unasema kweli ya namna fulani, lakini unamwambia mama aliyefiwa kwamba anayempenda mwanawe zaidi yake ndiye aliyemnyang'anya. Unampa Mungu sura ambayo Mungu hakujipa. Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa Kanisa wa Ujerumani, ambaye kwa imani hakuna wa kumfundisha, alifiwa na binti yake Magdalena mwaka 1542, mtoto wa miaka 13. Alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kumshukuru Mungu kwa mwisho mwema wa binti yao, lakini upendo wa mzazi ulikuwa na nguvu kiasi kwamba hawakuweza kufanya hivyo bila kulia na kuugua moyoni. Luther alilia. Wewe unamwambia mwenzio ajikaze.

Sasa Yohana Mbatizaji. Huyu ndiye aliyenyoosha kidole na kusema "Tazama, Mwana-Kondoo wa Mungu." Mathayo 11 yuko gerezani, anatuma wanafunzi wakamuulize Yesu: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yesu anajibu kwa kutaja mambo ambayo Isaya alitabiri: vipofu wanapata kuona, viwete wanakwenda, viziwi wanasikia, maskini wanahubiriwa habari njema. Yohana aliwajua manabii. Bila shaka alisikiliza akingoja sehemu moja, maana Isaya 61 inataja pia waliofungwa kufunguliwa. Yesu hakuitaja. Badala yake akasema heri yule asiyechukizwa nami. Sura ya 14 Yohana anakatwa kichwa.

Nimelitafakari sana jibu hilo na sitalilainisha. Yesu alimpa ushahidi wa kutosha kuhusu yeye ni nani, na hakumpa gereza kufunguliwa. Mara nyingi ndivyo tunavyojibiwa. Lakini tazameni alichofanya wajumbe walipoondoka: aligeukia makutano akawaambia hajaondokea mtu katika wazao wa wanawake aliye mkuu kuliko Yohana. Alimsifu saa ileile ya mashaka yake. Yohana hakuyasikia maneno yale, ila yalisemwa. Huenda na wewe yapo yanayosemwa juu yako ambayo hujayasikia.

Na huyo aliyejibu hivyo hakukaa mbali na gereza. Alikamatwa, akapigwa, na pale msalabani akaomba Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Alikuwa amewaambia wanafunzi, "Aliyeniona mimi amemwona Baba." Kama maneno hayo mawili ni ya mtu mmoja, basi tabia ya Mungu siipimi kwa matokeo ya maabara wala salio la benki. Naipima pale. Sijui sababu ya mateso yako, lakini sababu moja naikataa: kwamba hakujali.

Machache ya vitendo. Ukishindwa kuomba, soma zaburi kwa sauti, uazime maneno. Zaburi ya 88 haina mwanga mwishoni, inafunga kwa giza, lakini inaanza kwa "Mungu wa wokovu wangu." Mstari huo ukikutosha kwa leo, inatosha. Usiache kukusanyika na wenzako. Siku huwezi kuimba, simama tu waimbe wao. Kama usingizi umekwisha kabisa na unawaza kujiua, mwambie mtu leo na umwone daktari. Kufanya hivyo si upungufu wa imani. Na kama mateso yako ni mtu anayekupiga nyumbani, tafadhali usilichukue somo hili kuwa amri ya kuvumilia. Ondoka mahali pa hatari kwanza, maswali kwa Mungu utayauliza ukiwa salama.

Yule baba wa Marko 9 alisema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa kwa imani hiyohiyo ya nusu. Nimeona mikono imeshaanza kunyanyuka huko nyuma. Tuanze na dada pale, halafu mzee wa karibu na dirisha.