Makala Moja, Marejeo Zaidi ya Laki Tatu

MWANAIDI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia ukurasa unaoorodhesha makala za mtafiti wa sayansi ya tiba pamoja na idadi ya mara ambazo wenzake wamezirejelea. Kaka Baraka, wewe umewahi kukaa kwenye jopo la usaili wa watafiti. Ukifungua ukurasa huo, jicho lako huanzia wapi?

BARAKA: Ningependa kusema kwamba huanzia kwenye vichwa vya makala, lakini kwa kweli hukimbilia ile namba ya pembeni, yaani kipimo cha h, ambacho mwanafizikia Jorge Hirsch alikipendekeza mwaka 2005. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mtafiti mwenye makala sita, zilizorejelewa mara 50, 18, 7, 5, 4 na 2. Anazo makala nne ambazo kila moja imerejelewa angalau mara nne, lakini hana tano zilizofikisha mara tano kila moja, kwa hiyo kipimo chake ni 4.

MWANAIDI: Na kama ile ya kwanza ingerejelewa mara 50,000?

BARAKA: Kingebaki 4 kilekile, Dada.

MWANAIDI: Hapo ndipo Oliver Lowry ananijia akilini. Mwaka 1951, yeye na wenzake watatu walichapisha mbinu ya kupima kiasi cha protini, na jarida la Nature lilipohesabu mwaka 2014 makala zilizorejelewa kuliko zote, hiyo ndiyo iliyoongoza, ikiwa na marejeo zaidi ya 300,000. Zilizoifuata, ya Laemmli ya mwaka 1970 na ya Bradford ya mwaka 1976, nazo zinahusu kazi za maabara za protini. Makala ya Watson na Crick kuhusu umbo la DNA haikuingia hata katika mia za kwanza!

BARAKA: Wala si ajabu. Anayepima protini hulazimika kueleza amepimaje, ilhali anayeandika kuhusu DNA leo haoni haja ya kumtaja aliyeligundua umbo lake, kwa kuwa jambo hilo limekwisha kuingia katika vitabu vya shule. Marejeo huonyesha kinachotumika, na kinachotumika sana huenda kikawa kifaa tu. Tena mashine inayohesabu marejeo haitofautishi sifa na lawama: makala ya Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, ilifutwa na jarida la The Lancet mwaka 2010, lakini imerejelewa mno, mara nyingi na watu wanaoipinga.

MWANAIDI: Vipi kuhusu hadhi ya jarida lenyewe?

BARAKA: Kipimo chake maarufu huchukua marejeo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia. Sasa mtazame mwanabiokemia Katalin Karikó. Makala aliyoandika na Drew Weissman mwaka 2005, kuhusu jinsi ya kuibadilisha RNA, molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, ili mwili usiishambulie, ilihesabika katika kipimo hicho mwaka 2006 na 2007 peke yake, wakati ambapo wachache waliijali. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 2023.

MWANAIDI: Basi jopo lifanye nini, maana waombaji ni wengi na muda ni mfupi?

BARAKA: Kwanza tazama nafasi ya jina. Katika fani hii, kwa kawaida, wa kwanza ndiye aliyeifanya kazi kwa mikono yake na wa mwisho ndiye mkuu wa maabara, ingawa wale wa katikati, hata wakiwa mia, kila mmoja huongezewa marejeo yaleyale. Kisha fungua makala moja iliyomrejelea na uitafute sentensi yenyewe. Mara nyingi nimekuta kazi ya mtu imetajwa katika utangulizi, imebanwa kati ya nyingine tisa, bila neno hata moja kuhusu alichokipata.

MWANAIDI: Na yule wa makala sita ulimbuni?

BARAKA: Namba nimezigeuza kidogo, lakini mtu yupo. Ile ya 50 ilikuwa ya kundi kubwa, naye alikuwa jina la kumi na tatu. Ile ya mara mbili aliiandika akiwa wa kwanza, na majaribio yake yalikuwa safi kiasi kwamba tulipomaliza kuisoma hakuna aliyeuliza tena habari za kipimo cha h.