Birika la Nkambo: Fedha Juu, Shaba Chini

Wazee wangu, mabibi na mabwana, ninawashukuru kwa kuitika mwito wa jioni hii hapa Lubumbashi. Birika lililo mezani lilikuwa la mama mzaa mama, ambaye wajukuu tulimwita nkambo, na tulilelewa tukiambiwa kwamba ni fedha tupu. Alipewa mwaka 1960 na mwajiri wake wa Kizungu aliyekuwa akifunga mizigo kuondoka Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati ule, naye hakulitoa kabatini isipokuwa kwa posa, kwa matanga, au kwa mgeni aliyetoka mbali.

Nkambo alipofariki, hiyo fedha tupu nusura itugombanishe. Mjomba, ambaye ameniruhusu kuyasema haya, alitaka lipimwe kwa mizani na kuuzwa. Mama yangu akakataa. Nikapewa kazi ya kulichunguza. Niliosha kitako chake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikakuta herufi nne: EPNS.

Naomba tukae kidogo kwenye herufi hizo. Chombo cha fedha halisi cha Uingereza hupigwa mihuri, mmojawapo ukiwa simba anayetembea, ishara kwamba katika kila sehemu 1,000 za madini yake 925 ni fedha, pamoja na alama ya mji kilipopimwa, kama vile nanga kwa Birmingham au kichwa cha chui kwa London. EPNS husema jambo jingine: mwili wa chombo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, uliovikwa fedha kwa nguvu ya umeme. Hataza ya kazi hiyo ilitolewa mwaka 1840 kwa akina Elkington wa Birmingham. Chombo na bamba la fedha hutumbukizwa pamoja katika maji yenye sianidi, umeme ukapitishwa, na fedha ikahama kidogo kidogo kutoka kwenye bamba hadi ikashika juu ya chombo.

Katika mchanganyiko huo shaba ndiyo yenye sehemu kubwa kuliko zote. Babu yangu alitumia ujana wake wote mbele ya tanuru za mji huu, zilizoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911; mchana aliyeyusha shaba, na siku za wageni alimiminiwa chai kutoka katika shaba iliyovaa fedha, wala hakujua. Nilipomweleza mama, alinyamaza kitambo, kisha akalikumbatia birika.

Wapo walionishauri lipelekwe likavikwe fedha upya. Nimekataa, na ninawasihi wenye vyombo kama hiki nyumbani wasiharakishe. Tazameni juu ya mkono wake: pale rangi ya manjano inapochungulia ndipo kidole gumba cha nkambo kilipokaa alipokuwa akimimina. Weusi, kwa upande wake, unatokana na salfa ya hewani inayoungana na fedha, na huondolewa kwa kitambaa laini na subira. Majivu na mchanga, tunavyosugulia sufuria zetu, vitaichubua fedha yenyewe, kwa kuwa imelala juu kama utando.

Sasa birika litapita kwenu. Lishikeni kwa kitako, si kwa mkono wake. Mjomba amekaa mstari wa mbele, tutaanza naye.