Msiba Usio na Kaburi

Mhadhara kwa viongozi wa dini na wahudumu wa afya ya jamii, Mwanza

Mapadri, masheikh, wachungaji, na ninyi wahudumu wa afya mnaozunguka mitaani kwetu, asanteni kwa kuniita. Mmeniomba nizungumzie namna ya kumfariji mfiwa. Wengi wenu mmeifanya kazi hiyo miaka mingi, kwa hiyo nitajikita kwenye msiba wa aina moja, ambao mji huu unaujua vizuri: msiba ambao maiti haikupatikana.

Asubuhi ya Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria ikiwa imekaribia kufika hapa. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Siku hiyo ilibeba wengi zaidi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo, maana abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Wengi waliotolewa majini wamezikwa Igoma. Wengine walibaki ziwani. Sasa mfikirieni mke aliyekuwa akimsubiri mumewe bandarini. Jina la mume halimo kwa waliopanda, halimo kwa waliookolewa, na mwili wa kuosha haupo.

Mazishi yetu yana kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Kuosha maiti, kuivika sanda, kukesha, kutupia udongo: mikono inaupa moyo habari ambayo moyo unaikataa. Asiyepata maiti ananyimwa yote hayo. Ndiyo maana mnamkuta mama ambaye miaka imepita na nguo za mwanawe bado hajazigawa, na mlango ukigongwa usiku yeye ndiye wa kwanza kuamka. Majirani wanasema imani yake ni haba. Tafadhali, neno hilo lisitoke kinywani mwenu. Pauline Boss wa Marekani, mtafiti wa familia, ambaye miaka ya 1970 alizichunguza familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, alionyesha kuwa mzigo unatokana na hali yenyewe kukosa jibu, wala si udhaifu wa anayeubeba. Mama huyo ana akili timamu. Anasubiri kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kitu cha kumfanya aache.

Kuna wanaofundishwa kwamba majonzi yana hatua tano, kisha wanaanza kumpima mfiwa amefikia ya ngapi. Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili, alipozieleza hatua hizo mwaka 1969, alikuwa amezungumza na wagonjwa wanaokabili kifo chao wenyewe. Msimpimie mfiwa kwa kipimo hicho.

Wazee wa kandokando ya ziwa hili walilijua jambo hili zamani. Kwa Wajaluo, wa Rorya na wa ng'ambo Kenya, mtu akipotea na mwili usionekane, familia huzika tunda la mwegea, wanaloliita yago, na maombolezo yanafanyika. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii ipo swala ya ghaibu, yaani kumswalia maiti asiyekuwepo mbele yenu, na Mtume amesema anayekufa maji ni shahidi. Kwa Wakatoliki, Misa ya kumwombea marehemu haihitaji jeneza mbele ya altare. Tunavyo vya kutosha. Tatizo ni kwamba hatuvipeleki mlangoni kwa mfiwa. Nendeni mkamwambie: siku utakayokuwa tayari, tutakuja, tutaliandika jina lake, tutamwombea kwa jina lake. Siku aichague yeye, hata ikichukua miaka. Akiharakishwa ataona mnamzika mtu ambaye yeye bado anamtafuta.

Sasa watoto, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo tunapowaumiza zaidi bila kukusudia.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Baada ya misiba ya namna hii mtoto akiuliza baba yuko wapi, tunamjibu: amesafiri. Tunadhani tumempunguzia uchungu. Lakini baba alisafiri kweli! Alipanda chombo, akaaga, hakurudi. Tumemfundisha mtoto kwamba kila anayesafiri hupotea hivyo, na mtoto wa kisiwani hawezi kwenda hospitali kubwa wala kumsindikiza mama mnadani bila kuvuka maji. Halafu tunashangaa anapomng'ang'ania mama kanga asubuhi na kukataa kumwachia.

Mwambieni wazi, kwa sauti ya upole, na anayemwambia awe mtu ambaye mtoto anamwamini: baba amekufa, chombo kilipinduka, hatarudi. Hukumkosea. Mimi nipo, utalala kwangu. Kesho atauliza tena, mjibuni kwa maneno yale yale, maana anataka kuhakikisha kama bado ni kweli. Akicheza mpira saa moja baada ya kulia, msimkaripie. Watoto huomboleza kwa vipande vipande.

Na siku ya kwanza ya kupanda kivuko tena, fikeni mapema. Mwonyesheni jaketi okozi zilipo, mvalisheni kabla chombo hakijaondoka, ketini naye mahali anapoiona nchi kavu. Akikataa kupanda, rudini naye nyumbani, mjaribu siku nyingine.