"Watasema": Hofu ya Mhusika Mwenye Jinsia Mbili

REHEMA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo tunamzungumzia mhusika aliyezaliwa na jinsia mbili, na hofu yake ya kuhukumiwa na watu. Kaka Juma, mwandishi ataionyeshaje hofu hiyo bila kutuandikia tu kwamba "aliogopa"?

JUMA: Dada Rehema, mimi hutazama kwanza anachokikwepa. Sikiliza kipande nilichokitunga kwa ajili ya leo: "Mwalimu akasema, wavulana huku, wasichana kule. Kamba za viatu vyake zilikuwa zimekaza. Akainama, akazifungua, akaanza kuzifunga upya."

REHEMA: Anavuta muda.

JUMA: Anavuta muda, na neno hofu halimo. Msimulizi naye hatuambii aelekee upande gani. Kiswahili kinamruhusu, maana kiambishi "a-" hakibagui mke wala mume. Basi hatari inakuja pale mtu anapomwita: kaka, dada, shangazi, mjomba. Kila salamu ni mtihani.

REHEMA: Kifaransa hakina nafasi hiyo. Herculine Barbin, naye mwenye jinsia mbili, alizaliwa Ufaransa mwaka 1838, akalelewa kama msichana, kisha mwaka 1860 mahakama ikaamua aandikishwe kuwa mwanamume. Aliacha kumbukumbu za maisha yake, na humo anajitaja mara kwa maneno ya kike, mara kwa ya kiume. Huyo ni mtu halisi, si wa kubuni, lakini mtunzi ana la kujifunza hapo: sarufi yenyewe inayumba pamoja na nafsi.

JUMA: Na takriri, yaani kurudiarudia neno, je? "Watasema nimelogwa. Watasema mama alinificha. Watasema..." Ni akina nani hao? Hawana majina. Jirani unayemjua unaweza kumjibu. Hao utawajibu vipi?

REHEMA: Tena hakuna aliyesema lolote bado! Uzungumzi nafsi, yaani mhusika kujisemesha moyoni, unatuonyesha kwamba sauti za watu zimeshahamia kichwani mwake. Na ile "watasema" ya mwisho imekatwa. Mdokezo huo, yaani kuacha kauli bila kuimaliza, unamwachia msomaji alijaze tusi mwenyewe.

JUMA: Jazanda, yaani picha za maneno, za kioo na kinyago zimechakaa, tuziache.

REHEMA: Kinachoniuma mimi ni taharuki, ile hamu ya kujua kitakachotokea. Mwandishi anauficha mwili wa mhusika kitabu kizima, halafu anaufichua kileleni kama muuaji wa hadithi ya upelelezi.

JUMA: Lakini siri si ndiyo maisha yake? Anaificha kila siku.

REHEMA: Anawaficha majirani. Msomaji angeambiwa tangu sura ya kwanza, angekaa upande wake, ashtuke naye kila hodi inapobishwa. Akifichwa, anageuka mmoja wa wanaochungulia.

JUMA: Kwa masimulizi ya nafsi ya tatu nakubali. Kwa nafsi ya kwanza, hapana. Huyo anachelewa kusema kwa sababu anatupima, kama nasi tutamhukumu.

REHEMA: Hapo sawa. Kama anayeishikilia siri ni yeye mwenyewe, nitamsubiri hata sura kumi.