Banda la Karakana na Betri: Kuhami Joto bila Kufungia Gesi

Salma: Karibuni wasikilizaji. Leo tunalizungumzia banda la nje ambalo mwenyewe anataka lifanye kazi mbili, yaani liwe karakana na wakati huohuo lihifadhi betri za umeme wa jua. Bwana Juma, swali linalonijia mara nyingi ni hili: mtu akiziba kila upenyo ili banda lisiungue kwa joto wala kuganda kwa baridi, anaambiwa anafungia gesi, akitoboa matundu, anaambiwa fedha alizotumia kuhami kuta zimekwenda bure. Ashike lipi?

Juma: Bi Salma, mabishano hayo hudumu mpaka mtu achukue kalamu apige hesabu. Tuanze na betri ambazo kwa kawaida yake hutoa gesi, yaani zile za risasi na asidi zinazoongezwa maji. Chaji inapokaribia kujaa, sehemu ya umeme huacha kuhifadhiwa kwenye sahani, ikaanza kuyatenganisha maji yaliyomo kuwa hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa iliyomo chumbani huweza kushika moto, na hubaki katika hali hiyo hadi asilimia 75, kwa hiyo hatuna haja ya kungoja chumba kijae ndipo tuingiwe na wasiwasi.

Salma: Hesabu yenyewe ikoje?

Juma: Kiwango cha kimataifa cha IEC 62485-2, kinachohusu usalama wa betri zilizosimikwa mahali pamoja, kina kanuni fupi. Unazidisha 0.05 kwa idadi ya seli, yaani vile vyumba vidogo vya volti 2 kila kimoja vinavyounda betri, kisha kwa mkondo unaotengeneza gesi, ambao hupimwa kwa miliampia kwa kila ampia-saa, kisha kwa uwezo wa betri kwa ampia-saa, halafu unagawanya kwa 1,000. Jibu ni mita za ujazo za hewa zinazohitajika kila saa. Chukua betri za volti 48, ambazo ni seli 24, zenye uwezo wa ampia-saa 200. Katika chaji ya nguvu, betri za maji huhesabiwa kwa miliampia 20, na jibu linakuwa mita za ujazo 4.8 kwa saa.

Salma: Hiyo ni hewa kidogo kuliko nilivyotarajia.

Juma: Ni kidogo, naam. Kanuni hiyohiyo inasema kwamba ukitegemea hewa ipite yenyewe bila feni, zidisha jibu kwa 28 upate ukubwa wa tundu kwa sentimita za mraba. Hapa tunapata takriban 134, yaani tundu la sentimita 12 kwa 12 linatosha kuingiza hewa, na jingine kama hilo kuitoa. Ila hizo ni sentimita zilizo wazi kabisa. Ukiweka wavu wa kuzuia panya na wadudu, nyaya zake hula sehemu ya nafasi, hivyo tundu lenyewe lazima liwe kubwa zaidi.

Salma: Na joto linalopotea kupitia hapo?

Juma: Kuibadilisha hewa hiyo ya mita 4.8, ikiwa nje na ndani vinatofautiana kwa nyuzi 20 za Selsiasi, hugharimu kama wati 33. Sasa litazame bati tupu: mita 10 za mraba, kwa tofauti ileile, hupitisha zaidi ya wati 1,000. Lipe bati hilo sentimita 10 za sufu ya mawe, yaani kihami joto cha nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, wati hizo zishuke hadi karibu 70. Kwa hiyo anayeziba tundu la gesi ili aokoe joto, huku paa lake likiwa bati tupu, anahangaika na kisicho na uzito.

Salma: Umetaja sufu ya mawe. Wengi hununua povu gumu kwa sababu ni jepesi na hukatwa kwa kisu.

Juma: Nalo huzuia joto vizuri. Povu la poliyurethani lina upitishaji wa takriban wati 0.022 kwa mita kwa kila nyuzi, ilhali sufu ya mawe ni 0.035 hadi 0.040, kwa hiyo povu jembamba hufanya kazi ya sufu nene. Tatizo ni kwamba povu huwaka na kutoa moshi wenye sumu. Katika chumba cha kuchomelea vyuma, ambacho pia kina betri, mimi nachagua sufu ya mawe hata kama inapunguza nafasi ya ndani, kwa kuwa nyuzi zake huvumilia moto mkali bila kuwaka. Mwenye povu tayari alifunike lote kwa mbao za jipsamu, pasibaki hata kipande kinachochungulia.

Salma: Tulizungumze suala la unyevu, kwa sababu nimeona mabanda yaliyohamiwa vizuri ambayo misumari yake imeota kutu.

Juma: Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa umande inapogusa kitu chenye nyuzi 12. Mvuke ukipenya sufu ukalikuta bati la baridi, hugeuka maji pale nyuma, mahali pasipoonekana, na sufu iliyolowa haizuii joto tena. Kwa sababu hiyo karatasi ya kuzuia mvuke huwekwa upande wenye joto kwa sehemu kubwa ya mwaka. Penye baridi, upande huo ni wa ndani. Penye joto na unyevunyevu, kama banda linatumia kiyoyozi, ni wa nje. Kati ya bati na sufu pabaki mwanya mdogo wa hewa ulio wazi chini na juu, ambao pia husaidia juani, kwa maana bati lililopigwa na jua laweza kupita nyuzi 60.

Salma: Betri zenyewe zinajali kiasi gani hayo yote?

Juma: Zinajali sana. Kwa betri za risasi, kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hukata umri wake karibu nusu. Zile za lithiamu na fosfati ya chuma huchoka pia kwa joto, lakini zina sharti jingine: hazipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, kwa sababu lithiamu hujikusanya kama metali juu ya sahani badala ya kuingia ndani yake, na madhara hayo hayarudi nyuma. Hapa niseme jambo ambalo husahaulika: kihami joto hakitengenezi joto. Kinachelewesha tu, kwa hiyo banda lisilo na chanzo cha joto litapoa baridi ikidumu wiki nzima.

Salma: Basi betri za lithiamu, kwa kuwa hazitoi gesi zikiwa nzima, hazihitaji matundu?

Juma: Kanuni ile ya hidrojeni haizihusu. Zinahitaji hewa kwa ajili ya joto, hasa inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia vyombo vya kawaida, ikiwa karibu, maana inveta ya wati 5,000 yenye ufanisi wa asilimia 95 hutoa wati 250 hivi za joto ikifanya kazi kwa nguvu zote. Seli ya lithiamu ikiharibika hutoa gesi zinazowaka na zenye sumu, ikiwamo floridi ya hidrojeni, na tundu la sentimita 12 haliwezi kuzimudu. Kinachosaidia hapo ni ukuta usioungua, swichi ya kukatia umeme iliyo nje ya banda, na betri kutowekwa karibu na mlango ambao fundi angeutumia kukimbilia nje.

Salma: Kwa hiyo unapendekeza kizigeu.

Juma: Kwa aina zote mbili. Grinda hurusha cheche na vumbi la chuma, na vumbi hilo likitua kwenye ncha za betri hupitisha umeme. Jenga chumba kidogo cha betri ndani ya banda, mlango wake uzibwe vizuri kwa mpira, kiwe na matundu yake yanayotoka nje moja kwa moja bila kupitia karakana. Kwa betri za maji, tundu la kuingiza liwe chini, na la kutoa liwe juu kabisa kwenye ukuta wa pili, kwa kuwa hidrojeni ni nyepesi kuliko hewa takriban mara 14. Chunguza dari pia: mihimili inayoshuka hutengeneza vifuko ambamo gesi hukwama juu ya usawa wa tundu. Inveta usiisimike juu ya betri za aina hiyo, kwani ina swichi za ndani zinazotoa cheche, na mvuke wa asidi huila.

Salma: Na anayetaka feni?

Juma: Aiweke chini, isukume hewa safi ndani, ili mota isikae katika mkondo wa gesi inayotoka. Iunganishwe na chaja ianze chaji inapoanza, na matundu yale ya kawaida yabaki wazi, kwa sababu feni ikikwama usiku wa manane hakuna atakayejua.

Salma: Vumbi la mbao upande wa karakana linakwenda wapi?

Juma: Hilo lina mfumo wake wa kulifyonza, wenye mfereji wake hadi nje, na usiunganishwe kamwe na mfereji wa betri.